Barua ya Jumuiya: Ushahidi wa Majirani au Kibali cha Ofisi?

Tumsifu Yesu Kristo! Ahsanteni, kaeni. Wenyeviti, makatibu na wahazini wa jumuiya, makatekista wetu wa vigango, yale makanisa madogo ya parokia yetu, na ninyi wa Halmashauri ya Walei, mliokuja kwa hiari na mliokuja kwa kuitwa, karibuni nyote. Mada niliyopewa imeandikwa kwenye ratiba "Imani na Maisha ya Parokia". Ni pana, tunaweza kukesha. Naomba niibane kwenye karatasi moja ambayo kila katibu aliyeko hapa ameshaiandika: barua ya jumuiya, yaani ile ambayo jumuiya ndogo ya Kikristo, kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, inamwandikia mtu wake aipeleke ofisi ya parokia.

Mnaifahamu. Mtu analeta mtoto abatizwe, anaulizwa ofisini, barua ya jumuiya iko wapi? Wachumba wanataka ndoa, barua. Kijana anajiandikisha Kipaimara, barua. Mtu amefariki, mwili uko mochwari, ndugu wanazunguka mtaani wanamtafuta katibu asaini. Tumefika mahali ambapo yuko Mkatoliki ukimtajia jumuiya hafikirii Injili wala majirani zake, anafikiria mhuri. Mimi paroko wenu sina ugomvi na barua yenyewe. Ugomvi wangu ni na kazi tuliyoibebesha.

Turudi nyuma kidogo, maana vijana wengi mmezikuta jumuiya zipo na mnadhani zilikuja na wamisionari wa kwanza. Hapana. Wamisionari walioingia Bagamoyo mwaka 1868 walitujengea misheni, na misheni ikazaa parokia na vigango. Jumuiya ni uamuzi wa maaskofu wetu wenyewe. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kupanga Kanisa la miaka ya 1980. Hali waliiona: parokia kubwa, mapadri wachache, kigango kinamwona padri mara chache, na mjini watu wanajaa kanisani Jumapili bila anayejua jina la aliyekaa naye benchi moja. Wakaamua kwamba maisha ya Kanisa yasimame juu ya vikundi vidogo vya watu wanaoishi pamoja na kufanya kazi pamoja, watu wanaoweza kujuana kwa sura na kwa shida. Mwaka 1976 wakakutana tena, hapo hapo Nairobi, wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji.

Kwa hiyo jumuiya haiko kundi moja na vyama vya kitume. Mama anajiunga na utume fulani kwa sababu karama yake imemvuta huko, na asipojiunga hakuna neno. Jumuiya ni Kanisa lenyewe pale mtaani. Paulo akiwaandikia Warumi anawasalimu Priska na Akila, na kanisa lililomo nyumbani mwao. Kabla ya kuwa na minara tulikuwa na sebule.

Hapa Tanzania wazo hilo lilipokelewa haraka, na nadhani moja ya sababu ni kwamba watu walikuwa wameshazoea kupangwa kwa ujirani. TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikuwa imeanzisha mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Ukimwambia mtu nyumba hizi na hizi ni jumuiya moja, anaelewa bila semina. Ilikuwa faida kubwa. Lakini mazoea yale yaliingia na hatari yake: mwenyekiti wa jumuiya anaanza kujiona balozi. Balozi anajua nani amehamia, nani hajachangia, na ukitaka barua ya kwenda ofisini unapitia kwake. Wenyeviti mnacheka, lakini mnajua ninachosema.

Baada ya Sinodi ya Afrika, mkutano wa maaskofu wa mwaka 1994, Papa Yohane Paulo II alituandikia waraka wa Ecclesia in Africa mwaka 1995. Akizungumzia jumuiya hizi anataka kwanza zijiinjilishe zenyewe, zisali, zilisikilize Neno la Mungu, ziwafundishe waamini kubeba wajibu, na zitafakari matatizo ya watu kwa mwanga wa Injili. Na juu ya yote, ziishi upendo wa Kristo unaovuka ukoo, kabila na vikundi vya masilahi. Linganisheni maneno hayo na ajenda ya Jumamosi iliyopita kwenye jumuiya zenu. Sala ya ufunguzi, somo, dakika tano za tafakari, kisha matangazo na michango saa nzima. Sitaki mnijibu.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu maneno mengi yanasemwa kwa jina la Kanisa ambayo Kanisa halijayasema. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 843, inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati unaofaa, walio tayari ipasavyo, na wasiozuiwa na sheria kuzipokea. Kuwa tayari ipasavyo ni habari ya imani, mafundisho na maisha ya mtu. Deni la mchango wa ujenzi halimo. Kanuni ya 848 inakwenda mbali zaidi: nje ya sadaka zilizopangwa na mamlaka halali, mhudumu asidai kitu kwa ajili ya sakramenti, na ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Ikiwa padri mwenyewe amefungwa hivyo, mhazini anapata wapi uwezo wa kumwambia mama, lipa kwanza mtoto abatizwe?

Mtaniambia, Baba, lakini hata sheria inaruhusu kuahirisha ubatizo. Kweli. Kanuni ya 868 inataka wazazi, au hata mmoja wao, wakubali, na yawepo matumaini yenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Matumaini hayo yakikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa, na wazazi wanaelezwa sababu. Hapo ndipo barua yenu ina thamani kuliko mnavyodhani! Mimi nina maelfu ya waamini. Nyumba ya fulani siijui. Ninyi mnaijua. Mnajua kama wanasali, kama baba anamzuia mama, kama bibi ndiye atakayemfundisha mtoto Baba Yetu. Niandikieni hayo. "Ni mwanajumuiya hai" sentensi tupu, na mhuri juu yake, vinanisaidia nini?

Kwenye ndoa ndiyo usiseme. Kanuni ya 1069 inamfunga kila mwamini anayejua kizuizi cha ndoa, yaani jambo linaloifanya ndoa isiwe halali, akifichue kwa paroko au kwa askofu kabla ndoa haijafungwa. Wapo wanaokuja ofisini wamevaa vizuri, wana vyeti vyote, na huko walikotoka wameacha mume au mke wa ndoa halali. Tangazo la ndoa linasomwa kanisani Jumapili, watu wanapiga miayo. Majirani ndio wenye macho. Katibu anayeandika barua ya ndoa kwa sababu bwana harusi ni mchangiaji mzuri, huku anajua yaliyopo, anamdhulumu yule aliyeachwa mbali.

Nikae kidogo kwenye mazishi, kwa sababu ndiko tunakoumiza watu zaidi.

Hoja naijua, nimeisikia kwa wengi. Marehemu hakuwa anafika jumuiya, hakuwa anatoa zaka, na mkimzika kwa Misa, wanaofika wataona wanajisumbua bure. Haya. Kanuni ya 1176 inasema waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani, wazushi na wafarakanishi wanaojulikana wazi; waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo; na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini hadharani. Basi. Na palipo na shaka yoyote, anaulizwa askofu wa mahali, na uamuzi wake unafuatwa. Haikuandikwa kwamba panapo shaka aulizwe mhazini.

Mtu mvivu wa jumuiya ni mwasi? Alikuwa mvivu. Misa ya wafu si tuzo tunayompa aliyefanya vizuri. Tunamsalia marehemu kwa sababu anahitaji huruma ya Mungu, na kama alikuwa mlegevu basi anaihitaji zaidi. Halafu tazameni nani hasa anaadhibiwa. Maiti haisikii kwamba tumekataa. Anayesikia ni mama yake, ambaye pengine kila Jumamosi anakaa kwenye mkeka ule ule na ninyi. Kanuni ya 1181 inatuonya tusipendelee watu katika mazishi, na maskini wasikose mazishi wanayostahili. Akifa tajiri asiyekanyaga jumuiya, barua inapatikana kabla jeneza halijanunuliwa. Mtakatifu Yakobo aliwaambia watu wa zamani zile: anaingia mwenye pete ya dhahabu mnampa kiti kizuri, maskini mnamwambia simama pale. Sioni tumesogea sana.

Sasa kuhusu wasiofika. Tunawaita walegevu, lakini tumewahesabu ni akina nani? Jumuiya nyingi za mjini zinakutana Jumamosi saa 12 asubuhi. Saa hiyo mlinzi ndiyo anatoka lindoni, muuguzi wa zamu ya usiku hajakabidhi, wa bodaboda anawahi wateja, mama wa genge yuko sokoni. Saa hiyo inatufaa wastaafu, wenye kazi za Jumatatu hadi Ijumaa, na mimi padri ambaye nitakuwa na Misa baadaye. Haikushuka mlimani na Musa. Jumuiya ikiona nusu ya watu wake wanashindwa, ibadili saa, au ikutane mara mbili kwa makundi. Sihitaji kuombwa ruhusa.

Na kinababa. Kila semina naulizwa kwa nini kinababa hawaji. Yapo majibu mengi, ya mpira na ya vilabuni, nami siyapuuzi. Lakini naamini lipo moja tunaloliruka: aibu ya mfuko mtupu. Kikao kikigeuka kusoma majina na kiasi cha fedha mbele ya majirani, mwanamume asiye na kazi hawezi kuketi pale jina lake likisomwa na sifuri. Anamtuma mkewe. Msinielewe vibaya: kanuni ya 222 inatuwajibisha wote kulisaidia Kanisa kwa mahitaji yake, na paa la kanisa letu halikujipandisha lenyewe. Zaka toeni. Lakini bahasha ina gundi kwa sababu, na hakuna aliyetuamuru tuisome kwa sauti sebuleni kwa mtu.

Nimalizie na Injili. Wengi mnatumia hatua saba za kusoma Injili pamoja, zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunayarudia maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunatazama kazi tunayoitwa kuifanya, tunasali. Hatua ya tatu, ile ya kurudia maneno, mabibi wasiojua kusoma wanatushinda wote, kwa sababu wao walisikiliza wakati sisi tunatafuta ukurasa. Ya nne, ukimya, hudumu mpaka mtu akohoe. Ila ya sita ndiyo inarukwa karibu kila mahali, na ndiyo inayotenganisha jumuiya na kikundi cha kusoma. Hatua ya sita haitaki maneno kama "tupendane". Inataka jina, siku na saa. Mzee wa nyumba ya kona ameanguka, nani anakwenda Jumatano, nani anamwita padri kwa Mpako wa Wagonjwa, nani anamfulia. Wiki ijayo tunaanza kwa kuulizana ilikuwaje.

Nami kanuni ya 529 inanibana: paroko ajitahidi kuwafahamu waamini wake, atembelee familia, awatafute kwa bidii maskini, wenye taabu, wapweke na walio mbali na kwao. Bila hatua ya sita yenu siwezi kujua nianzie mlango upi.

Basi, fomu mpya za barua ya jumuiya mtagawiwa mlangoni. Mstari wa michango haumo. Pana nafasi ya kueleza nani wa jumuiya alifika nyumbani kwa mwombaji, lini, na alikuta nini. Kama hamumfahamu, msiandike "si mwanajumuiya". Nendeni kwake kwanza, kisha andikeni mlichokikuta. Nafasi ya kukataa haipo kwenye fomu. Kukataa au kuahirisha ni juu yangu, na mimi nina askofu juu yangu. Kwa msiba, barua haitasubiriwa. Katibu au mwenyekiti anipigie simu hata usiku wa manane, karatasi itafuata baada ya mazishi.

Maswali sasa. Nitaanza na kinamama wa nyuma, maana tukianza na wazee wa mbele hatutafika kwenye chakula.