Nani Alikuwa wa Kwanza Kusema? Mhadhara juu ya Tamthilia ya Griboyedov

Ndugu wasikilizaji, wale mliowahi kunisikia nikizungumzia Gore ot uma, tamthilia ya mwandishi wa Kirusi Aleksandr Griboyedov ambayo kwa lugha yetu naiita Balaa la Akili, mnajua ninakoelekea, nami nawaomba mnivumilie. Naelekea tena kwenye sehemu ya tatu ya mchezo huo, penye karamu, kwa sababu kila nisomapo makala juu ya mchezo huu nakuta maelezo yale yale: kijana mwenye akili anarudi Moscow, anakuta wajinga watupu, anawahutubia, nao wanamfukuza. Maelezo hayo yanapendeza, maana kila msomaji hujihesabu upande wa mwenye akili, lakini sivyo ilivyoandikwa. Katika nyumba ya Famusov, bwana mkubwa wa Moscow ambaye kwake yote yanatokea, ukimwondoa Kanali Skalozub, wajinga ni wachache sana. Waliojaa humo ni watu wanaojua barabara masilahi yao yako wapi.

Kisa mnakijua, kwa hiyo nakipita haraka. Chatsky, ndiye kijana huyo, amerejea baada ya miaka mitatu akimtaka Sofia, binti Famusov. Sofia anampenda Molchalin, karani wa babaye, kijana anayeamini kwamba mtu wa umri wake hastahili kuwa na maoni yake mwenyewe. Yote yanatokea ndani ya siku moja, na jioni kuna karamu.

Sasa karamuni. Chatsky ametoka kumkejeli Molchalin mbele ya Sofia, na Sofia, akiwa bado na hasira, anamwambia mgeni mmoja kwamba Chatsky hana akili timamu. Hadi hapo ni kauli ya mtu aliyeudhika, ambayo ingeweza kuishia hapo hapo. Mgeni anauliza kama kweli amerukwa na akili, na Sofia anasita. Mgeni anauliza tena, je, dalili zipo? Hapo Sofia anamkazia macho, anatambua kwamba mtu huyu yuko tayari kuamini, ndipo anapojibu kwamba yeye anaona hivyo. Griboyedov hakumpa mgeni huyo hata jina. Anaitwa Bwana N. tu. Bwana N. anampelekea habari Bwana D., ambaye naye hana jina, na Bwana D. anazikanusha palepale kuwa ni upuuzi, tena anamkaripia mwenzake kwa kufurahia kuzieneza. Mwenzake anaondoka, naye Bwana D. anabaki akilalamika kwamba haifai kumwamini mropokaji, mtu anayesikia upuuzi na papo hapo kuurudia, na kabla pumzi ya lalamiko hilo haijamwisha anamgeukia Zagoretsky na kumuuliza: umesikia habari za Chatsky?

Nawaomba tutulie hapo, kwa kuwa sijui mwandishi mwingine wa zama zake aliyeuona uvumi kwa ukaribu huo. Anayeueneza uvumi si yule anayeuamini, bali ni yule anayekwenda kuuhakikisha. Zagoretsky, tapeli wa karata anayejulikana na wote na kualikwa na wote, hakuwa amesikia lolote, lakini anadai kwamba anajua, anakumbuka, amesikia: mjomba laghai alimfungia Chatsky katika nyumba ya wendawazimu na kumtia mnyororo. Bwana D. anamwambia kwamba Chatsky alikuwamo humu chumbani sasa hivi. Basi, anajibu Zagoretsky, ina maana wamemfungua mnyororo. Bwana D. anaridhika, anaahidi kwenda kuwauliza watu wote mmoja mmoja, na anaomba jambo hilo libaki siri. Yupo hata Platon Mikhailovich, rafiki wa zamani wa Chatsky, mtu mwema kabisa, ambaye anauliza swali ambalo mtu mwema hupaswa kuuliza: nani alikuwa wa kwanza kusema? Mkewe anamjibu: wote. Naye anasema kwamba ikiwa ni wote, hana budi kuamini, ingawa ana shaka. Shaka yake inabaki moyoni mwake, haimsaidii rafiki yake kwa lolote.

Kisha wanatafuta sababu. Mmoja anasema alikunywa shampeni kwa gilasi, wa pili anasema kwa chupa, na Zagoretsky anasema kwa mapipa ya ndoo arobaini. Famusov anaona kwamba chanzo ni elimu na kwamba dawa ni kukusanya vitabu vyote vikachomwe. Zagoretsky, ambaye hapendi kupita kiasi, anapinga: vitabu si vya namna moja, ila yeye angekuwa mdhibiti wa maandishi angezikomoa hekaya za wanyama, kwa kuwa humo simba na tai hudhihakiwa, na hao, pamoja na unyama wao, ni wafalme. Halafu bibi mzee Khlyostova anamsikitikia mgonjwa, na huruma yake inageuka mara moja kuwa ubishi na Famusov juu ya idadi ya watwana anaowamiliki Chatsky, ni mia tatu au mia nne. Wanabishana kwa juhudi kubwa kuliko waliyoionyesha katika suala la wazimu.

Najua atainuka mtu kuniambia kwamba mshairi Pushkin mwenyewe, katika barua ya mwaka 1825, alisema Chatsky hana akili, kwani mwenye akili hutambua mapema anazungumza na nani na hatupi lulu mbele ya watu wa aina hiyo. Pingamizi hilo nimelijibu mara nyingi hata limeanza kunichosha. Sikilizeni ushahidi ambao wageni wanautoa. Huyu anasema Chatsky alimcheka, yule anasema alimshauri mumewe akaishi shamba, Molchalin anasema alimshauri asifanye kazi katika ofisi ya nyaraka. Ni Famusov peke yake anayelalamika juu ya fikra zake kuhusu wakubwa. Chatsky hakuhukumiwa kwa hotuba zake, ambazo hakuna aliyezisikiliza. Ile ndefu inayofunga sehemu ya tatu anaimaliza akigundua kwamba watu wanazunguka kwa dansi na wazee wamekwenda mezani kucheza karata. Tena hakuja kuhubiri, alikuja kwa ajili ya Sofia, na mwandishi wa riwaya Goncharov alilieleza hilo vizuri mwaka 1872 katika makala yake Mateso Milioni.

Wala msiniambie kwamba ni vichekesho vilivyotiwa chumvi. Tamthilia ilikamilika mwaka 1824. Mwaka 1836 mwanafalsafa Pyotr Chaadayev alichapisha katika jarida la Teleskop barua ya kuikosoa Urusi, naye Tsar Nikolai wa Kwanza akamtangaza kuwa mwendawazimu. Akazuiliwa nyumbani na kuwekewa daktari wa kumkagua.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Kirusi hulipita upesi, nasi hatuna sababu ya kulipita. Khlyostova anakuja karamuni akiwa na kijibwa na msichana mweusi, aliowachukua ili kuondoa upweke wa safari, na anaagiza wapewe makombo ya chakula cha usiku. Anamsimulia Sofia jinsi msichana huyo alivyo mweusi na wa kutisha, na anataka kumwita ili aonekane. Sofia anasema wakati mwingine. Khlyostova anasema pia kwamba watoto wengine wawili weusi Zagoretsky aliwapatia yeye na dada yake gulioni. Watoto wa Kiafrika walifikishwa Urusi kupitia Istanbul, na babu wa mama yake Pushkin, Abram Gannibal, alipita njia hiyo. Chatsky, ambaye katika sehemu ya pili aliwalaani mabwana waliobadilisha watumishi kwa mbwa watatu wa kuwindia na kuuza watoto mmoja mmoja, yumo ukumbini maneno haya yakisemwa, na kinachomchekesha ni aibu ya Zagoretsky. Wanaomfanya Chatsky kuwa nabii wanisomee ukurasa huo kwanza.

Muda umenitupa mkono. Nilikusudia kumzungumzia Repetilov, anayejisifu kwamba chama chao cha siri kinapiga kelele klabuni. Nilikusudia pia kueleza mishororo ya urefu tofauti, ambayo Pushkin alitabiri kwamba nusu yake itakuwa methali, na hapo hakukosea. Udhibiti wa maandishi uliruhusu vipande tu vichapishwe mwaka 1825, kwa hiyo watu waliinakili kwa mikono. Kitabu kilitoka mwaka 1833 kikiwa kimekatwakatwa, na mwandishi alikuwa ameuawa Tehran tangu mwaka 1829, umati ulipouvamia ujumbe wa Urusi aliouongoza.

Mwishoni Chatsky anaita gari lake na kuondoka, Sofia ameaibika na Molchalin amefichuka, lakini Famusov hamwulizi binti yake lolote. Anachouliza ni bibi mtukufu Marya Alekseyevna atasema nini, bibi ambaye katika tamthilia nzima hatokei jukwaani hata mara moja. Karibuni kwa maswali, isipokuwa lile la Pushkin.