"Mbona unavaa koti ndani ya nyumba?" Najibu leo, nisiulizwe tena

Mbukwenyi watu wangu, wa Dodoma na wa kwingineko. Leo sichokonoi mashine yoyote. Kila nikipandisha video kutoka huku Leeds, Uingereza, swali ni lilelile: kaka, una kompyuta sita mezani, halafu umekaa na koti ndani? Nikijibu hivi, naambiwa naringa. Nikijibu vile, nimeanza kulia njaa. Haya, tumalizane.

Kompyuta hizi sijanunua hata moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki kwenye Windows 11, kwa sababu inadai TPM 2.0, yaani kidude cha usalama ndani ya kompyuta, na prosesa za karibuni. Kwa hiyo ofisi zinazitupa. Mimi naokota, nasafisha, nabadilisha pesti ya kupoozea prosesa, naweka Linux, programu endeshi ya bure badala ya Windows, zinafufuka. Na vumbi la Leeds msinitishe nalo. Aliyewahi kufungua CPU iliyokaa miaka mitatu Nkuhungu, kule Dodoma, ameshamaliza shule ya vumbi.

Sasa baridi. Nyumba nimepanga, ina boila ya gesi inayochemsha maji yanayozunguka kwenye maredieta. Mimi nilitamani pampu ya joto. Ni kama friji iliyogeuzwa: inachota joto la nje, hata nje kukiwa na baridi, inaliingiza ndani, na kwa uniti moja ya umeme unapata kama uniti tatu za joto. Serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500. Nikashangilia! Kumbe anayeomba ni fundi aliyesajiliwa, anayekubali ni mwenye nyumba, na mpangaji ni mtazamaji tu. Nilimwandikia wakala wa mwenye nyumba mara tatu. Ya kwanza, kimya. Ya pili, akataka barua niliyokwisha kumtumia. Ya tatu akanijibu habari za choo. Choo! Sikuwa nimegusia choo popote.

Nikasema basi, kompyuta zitanipasha. Na kweli zinapasha, maana karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unaishia kuwa joto. Ikila wati 300 kwa saa tano ni uniti moja na nusu, sawasawa na hita ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima. Hakuna cha bure hapo. Mwishoni mwa 2025 uniti moja ya umeme huku ilikuwa peni 26 hivi, ya gesi peni 6 hivi, kwa hiyo hata boila ikipoteza kidogo bado gesi inashinda. Nilijaribu Januari nzima, na mita yangu ni ya kulipia kabla kama LUKU. Mnajua ile hali ya kuchungulia namba kabla ya kulala? Ndiyo hiyo. Siku hizi naziwasha nikiwa na kazi nazo.

Halafu binamu yangu, najua unatazama, ukaandika kwenye kundi la familia: "Wenzetu wanaota moto wa kompyuta, sisi tunatumiwa salamu." Iliniuma ile. Mbili niliziandaa kwa ajili ya mpwa wetu, plagi ileile ya pini tatu, umeme uleule wa volti 230. Watu wa mizigo wakadai risiti. Risiti ya kitu nilichookota naitoa wapi? Zipo chini ya kitanda mpaka leo.

Na mama aliyenishauri niwashe jiko la mkaa chumbani, asante mama yangu, nimeona upendo. Ila mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na huku kuna king'ora chake ukutani, kingepiga kelele hata maji ya chai hayajachemka. Hata huko kwetu, mwezi wa saba upepo ule ukivuma usiku, mimi na jiko hatulali chumba kimoja.

Sasa usije ukasema fulani kaniambia. Aliyenunua nyumba yake ana hesabu nyingine, mwenye watoto wadogo ana nyingine kabisa. Mimi boila naiwasha kidogo asubuhi, kidogo jioni, katikati navaa koti.

Na koti lenyewe, kabla hamjaanza: mtumba wa pale soko la Sabasaba, Dodoma, shilingi elfu nane baada ya kubembelezana sana. Ndani lilikuwa bado na kikaratasi cha bei, kwa pauni. Limerudi kwao, na nauli nimelilipia mimi.