Maji ya Mvua Ndiyo Yaliyoiua: Mhadhara Juu ya Kufufua Boti ya Faiba Iliyooza Ndani

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wavuvi, mafundi wenzangu, nanyi vijana mliokaa kule nyuma kwenye magogo, habari za asubuhi.

Nimekuja na kipande cha mbao kwenye mfuko huu. Naomba kipite mkono kwa mkono nikiwa naendelea. Kishikeni taratibu, maana kinamomonyoka kama mkate uliolowa. Kinuseni pia. Harufu hiyo ya uyoga tutairudia.

Kipande hicho nimekitoa kwenye shetri, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ya boti ya futi 23, boti ya nguru na jodari, hapa hapa Tanga. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Mwenyewe alikuwa ametoka kuipaka rangi ya buluu na mstari mweupe, akaniita nimbadilishie bolti moja tu ya mashine iliyokuwa inacheza. Nilipoichomoa, yakafuata maji meusi kama chai ya rangi. Yalitiririka mpaka nikaenda kutafuta kopo la kukingia.

Watu husema faiba haiozi. Ni kweli, na ukweli huo ndio uliotuponza. Nyuzi za kioo haziozi, na rezini inayozishika kuvu hawaili. Lakini faiba peke yake ni nyepesi na inanepa. Ili shetri ibebe mashine ya nguvu 40, ambayo ina zaidi ya kilo 70 hata kabla haijaanza kusukuma, mjenzi huweka plaiwudi katikati na kuifunika faiba pande zote mbili. Chini ya sakafu nako huweka mihimili ya mbao kutoka tezi hadi omo, akaivika faiba. Kwa hiyo boti nyingi tunazoziita za faiba zina mbao tumboni, na mbao hiyo haionekani. Jahazi likioza, nahodha anaona. Boti ya faiba inaoza ikiwa imevaa nguo safi.

Maji yanaingilia wapi? Yanaingilia pale tulipotoboa. Bolti nne za mashine, skrubu za kile kifaa cha kutafutia samaki, pete ya kufungia kamba, tundu la kutolea maji. Kila tundu limepita katikati ya mbao, na kilichozuia maji ni silikoni kidogo iliyopakwa siku ya kwanza. Mashine inatetemeka kila siku, silikoni inaachia, na tundu linaanza kunywa.

Hapa naomba wazee mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi tumelielewa kinyume. Maji yanayoozesha mbao kwa kasi si haya ya bahari. Ni ya mvua. Kinachoila mbao ni kuvu, na kuvu anataka unyevu, hewa na joto. Chumvi inamdhoofisha. Maji ya mvua hayamdhuru hata kidogo. Boti iliyopandishwa ufukweni ikapigwa na masika yote bila turubai, maji yakasimama kwenye ngama, kule chini kabisa tumboni, wiki baada ya wiki, inaoza kuliko ile iliyoshinda baharini. Mwenye boti anadhani ameipumzisha. Mbao ikiwa kavu, unyevu wake ukiwa chini ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mbao yenyewe, kuvu hana la kufanya. Wazee wetu walipaka majahazi sifa, yale mafuta ya papa, na deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kila msimu, na walijua kwa nini. Sisi tulipopata faiba tukaacha kuangalia.

Nilikuwa na miaka 19 nilipoiona shetri ikiachia. Tulikuwa tunarudi alasiri, kusi imeanza kuvuma, mimi nimekaa karibu na mashine na ami yangu ndiye anayeendesha. Tulipanda wimbi, tukashuka kwa kishindo, nikasikia mlio kama wa mnazi unaokatika. Mashine ilichukua ubao ikaenda nao chini. Nyuma palibaki wazi. Tulifua maji kwa upo, kwa ndoo, kwa sufuria ya wali, mpaka ngalawa ya jirani ilipotufikia. Tulitoka salama wote wanne, alhamdulillahi, lakini ami hakuvua tena kwa chombo chake mwenyewe. Ndiyo maana nikiona bolti ya mashine imezama kwenye faiba kama kidole kwenye unga, silali.

Basi utaijuaje? Chukua nyundo ndogo, gonga shetri yote kidogo kidogo, kila baada ya vidole vinne. Palipo pazima panalia kavu, palipooza panaitikia kwa sauti iliyozibwa. Sakafu ikanyage kwa kisigino. Kisha inua mashine juu, bonyeza mguu wake kwa uzito wako, na mwenzako aitazame shetri. Ikinepa, hakuna mjadala. Mwisho toboa tundu dogo kutoka ndani, la milimita 6, uangalie vumbi linalotoka kwenye keekee. Likiwa jeupe na kavu, ziba tundu uende zako. Likiwa jeusi, limelowa na lina harufu ile mliyoinusa, fungua.

Nasema fungua. Nimeona mafundi wanaotoboa vitundu na kumimina rezini ndani ili "igandishe" mbao iliyooza. Rezini haiingii kwenye mbao iliyojaa maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwenye boti ya faiba ukiziba ufa kabla ya kukausha kilichomo, umeyafungia maji ndani na kuvu umemwekea akiba.

Kabla ya kukata chochote, shusha mashine na uishike boti vizuri kwa chini, mahali pengi. Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi. Ukiondoa mihimili boti imelala juu ya magogo mawili, tumbo linabonyea, nawe unakuja kuujenga ule ubonyefu ubaki milele. Mhimili toa mmoja, rudisha mmoja, ndipo uende wa pili. Pima kila kitu kwanza, hasa kimo cha shetri: mashine fupi inataka inchi 15, ndefu inchi 20. Ukikosea hapo, mashine itavuta hewa au itaburuta mguu.

Ngozi ya nje ya faiba iache. Kata ya ndani, acha ukingo wa vidole vitatu kuzunguka, ung'oe mbao kwa patasi. Ukikuta sponji chini ya sakafu, ikamue. Ile ya boti ya buluu ilikuwa imekunywa maji kiasi kwamba vijana wawili walibeba kipande kimoja. Mwenye boti alikuwa akilalamika mwaka mzima kwamba mashine imechoka, inakula mafuta. Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa inasukuma kisima.

Halafu subiri. Mwezi wa saba na wa nane, mvua zimeisha, jua si kali, na kwa vile kusi imechafua bahari boti nyingi ziko juu. Ndio wakati wake. Kujua kama imekauka, bandika nailoni inayoonyesha kwa gundi ya karatasi jioni, uitazame kesho. Ukikuta matone chini yake, bado. Mimi nilisubiri wiki tano na mwenyewe alikuja kunisemesha kila Ijumaa.

Plaiwudi inunuliwe ile ya baharini, na usimwamini muuzaji. Chukua kipande, kichemshe kwenye sufuria saa nzima. Kikiachana matabaka, rudi dukani. Shetri ya ile boti nilitumia mbao mbili za milimita 18, nikazigandisha pamoja, nikazivika rezini pande zote na hasa kwenye kingo, kwa sababu ukingo wa plaiwudi unakunywa kuliko uso wake.

(Hapa mzee mmoja aliuliza: "Fundi, rezini ipi? Ile ya kawaida au epoksi?")

Swali zuri, mzee wangu. Rezini ya kawaida, poliesta, inashikana vizuri na faiba mbichi. Faiba ya zamani inaishika kwa mikwaruzo tu, kwa hiyo ukitumia hiyo saga sana. Epoksi inang'ang'ania faiba kuukuu na mbao kuliko poliesta, lakini bei yake inaumiza. Mimi pale shetri, penye roho za watu, natumia epoksi, na sakafuni poliesta. Ila jueni mambo mawili. Mati ile ya nyuzi zilizokatwa, nyingi gundi yake huyeyushwa na poliesta; kwa epoksi inakuwa ngumu kulala, tumieni kitambaa kilichofumwa. Na jelikoti ya kawaida, ule mpako wa juu unaong'aa, ukiiweka juu ya epoksi haikauki sawasawa, pakeni rangi.

Viungo vya pembeni visiwe kona kali. Faiba haipindi kama karatasi, inaacha hewa. Jaza kona kwa rezini nzito, ipitishe kijiko iwe mviringo, ndipo ulaze. Na unapounganisha mpya na kuukuu, chonga mteremko mara 12 ya unene: faiba ya milimita 5, mteremko wa sentimita 6. Vumbi lake ni kioo. Vaeni barakoa ya kweli, si kitambaa cha fulana, na ukimaliza oga maji ya baridi.

Hadina ya poliesta, ile dawa ya kuikomaza, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini. Kwa joto letu gramu 10 zinatosha. Acheni kupima kwa kizibo cha soda, nunueni bomba la sindano duka la dawa. Chini ya gramu 10 rezini haikomai kamwe hata ikionekana ngumu, na ukizidisha inachemka na kupasuka. Vijana, hadina ikiruka jichoni inapofua. Vaeni miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikiingia, osha hapo hapo dakika 15 bila kuacha, halafu hospitali. Na kama mnachanganya wenyewe kobalti, dawa ya kuharakisha rezini ikomae, isikutane na hadina moja kwa moja hata tone. Inawaka.

Nimeharakisha huko ili nifike kwenye matundu. Tangu 2022 Zanzibar imekuwa ikigawa boti za faiba kwa wavuvi chini ya uchumi wa buluu, na Bara nazo zimekuja kwa mikopo. Nimefurahi. Lakini leo hii, wakati tunazungumza, mtu anaitoboa boti mpya kufunga kitu, na anapaka silikoni. Fanyeni hivi: bolti ya milimita 12, toboa milimita 20. Jaza tundu lote epoksi nzito, ikauke, kisha toboa 12 katikati yake. Bolti inapita kwenye epoksi, haiigusi mbao kabisa. Silikoni ikiachia, maji yanakuta ukuta. Ni kikombe kimoja cha epoksi na subira ya siku moja.

Ile boti ya buluu tuliishua mwezi wa tisa. Ami yangu alikuja kuitazama. Aligonga shetri kwa vifundo vya vidole, mara tatu, akaweka sikio.

Sasa kile kipande kimefika wapi? Kirudisheni, nakihitaji kwa wengine. Pale chini ya mkungu pana boti mbili, moja nzima na moja imeoza, sitawaambia ipi. Nyundo ninazo nne. Twendeni mkagonge.