Maji ya Mto Tana Hutoka Wapi

Wazee wangu, walimu wenzangu na ndugu mliohudhuria hapa Mombasa jioni ya leo, nimeombwa nizungumzie mto wa milimani, nami nimeuchagua Tana, kwa kuwa ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, takribani kilomita 1,000, na kwa kuwa huishia katika mwambao wetu wenyewe.

Atazamaye Mlima Kenya, wenye mita 5,199, hudhani kwamba theluji ya kileleni ndiyo inayoulisha mto huu. Barafu ya kale ndiyo iliyoyachonga mabonde ya juu, lakini iliyobaki leo ni vipande vidogo vinavyozidi kupungua. Kinachoulisha Tana ni mvua na msitu. Pepo za kusini-mashariki, ambazo mabaharia wetu wanazijua kwa jina la kusi, huchukua mvuke wa Bahari ya Hindi hadi mlimani. Hewa ikipanda mteremko hupoa, na mvuke ule hunyesha mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka upande wa kusini-mashariki, ilhali upande wa kaskazini, uliokingwa na mlima, haupati hata nusu yake. Ndiyo maana mito ya mlima mmoja ina majaaliwa mawili: Thiba, Nithi na Kathita huingia Tana, pamoja na Gura na Mathioya kutoka safu ya Aberdare, bali ile ya kaskazini-magharibi huingia Ewaso Ng'iro, ambao hupotelea katika kinamasi cha Lorian pasipo kuiona bahari.

Tuufuate Nithi kwa muda. Huteremka kutoka bonde lenye kuta za mawe, penye Ziwa Michaelson, ukapita nyika za baridi zenye lobelia ndefu kuliko mtu, kisha mianzi, kisha msitu mnene. Udongo wa huko juu, mweusi na mzito kwa mimea iliyooza, hunywa maji kama sifongo na kuyatoa kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo mto hutiririka hata Februari, wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, mvua ileile hushuka kwa kishindo siku moja, na udongo hushuka nayo. Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Chini zaidi, kwenye Tana wenyewe, yako mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988. Bwawa la Masinga, lililo juu kabisa, hunasa matope mengi na kupunguza mafuriko ambayo Wapokomo waliyategemea kupandia mpunga. Kuanzia Garissa mto hupita nyanda kavu bila kupokea tawi la kudumu, hivyo maji yanayofika delta ni yaleyale ya milimani, tena yamepungua njiani.

Hata mlango wake una historia. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, ili mashua zipitishe mazao. Maji yakaufuata mfereji, yakaupanua, na mto ukahamia Kipini. Pale, msimu wa mvua, bahari hugeuka rangi ya hudhurungi kwa udongo ulioletwa na mto.