Taazia Haichapi Kitabu

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nadhani wapo waliokuja leo kuhakikisha kama nimebadili hata sentensi moja. Sikubadili. Mwandishi wa riwaya wa Kisomali hukumbukwa siku mbili, siku anapopewa tuzo ugenini na siku anapozikwa; katikati ya siku hizo vitabu vyake havichapwi, na sisi tunaoandika taazia ndefu hatujisumbui kuuliza kama kimebaki hata kimoja dukani.

Nianze na Faarax M.J. Cawl, kama kawaida yangu. Riwaya yake, Aqoondarro waa u nacab jacayl, yaani ujinga ni adui wa mapenzi, ilitoka Mogadishu mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya serikali kuamua kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, nayo ndiyo riwaya ya kwanza kuchapishwa kama kitabu katika lugha hiyo. Kisa chake ni cha zama za Madarwishi, wapiganaji wa Sayyid Maxamed Cabdille Xasan waliopigana na wakoloni. Msichana Cawrala anampenda kijana Calimaax na kumwandikia barua. Calimaax hajui kusoma. Barua ya mapenzi inabidi aitafutie macho ya mtu mwingine, na tangu hapo balaa imeingia mlangoni. Haikuwa bahati kwamba kitabu hiki kilitoka mwaka ule ule ambao wanafunzi wa sekondari walifungiwa shule zao na kupelekwa nyikani kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika.

Kitabu hicho nilikitafuta kwa miaka. Tafsiri ya Kiingereza ya B.W. Andrzejewski, ya mwaka 1982, niliipata bila taabu. Asili yake niliipata Islii, Nairobi, nyuma ya duka la vitambaa, nayo ilikuwa nakala ya kivuli iliyotolewa kivuli tena, herufi zimefifia, imeshonwa kwa uzi wa cherehani, na ukurasa mmoja wenye shairi haupo. Nilipolalamika, mzee mwenye duka aliweka mkasi chini akaniambia, "Mwalimu, toa kalamu, andika." Akalitoa shairi lile kichwani. Nanyi mnajua, au mngepaswa kujua, kwamba shairi la Kisomali halikai kwenye vina vya mwisho kama letu: kila mstari lazima ubebe neno linaloanza kwa sauti ile ile, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na utaratibu huo wanauita higgaad. Mzee alipokwama mahali, hakurudi nyuma. Aliitafuna ile sauti peke yake, mara tatu, mara nne, mpaka neno likaja lenyewe.

Sasa najua kuna mtu hapa ananyoosha kidole moyoni. Kwani si umejijibu mwenyewe, bwana mhadhiri? Wasomali ni taifa la washairi, vifua vyao ndiyo maktaba yao, kitabu cha nini? Hoja hii nimeisikia mpaka imenichosha, na kila anayeitoa huitoa kana kwamba anawasifu Wasomali. Basi nilimuuliza yule mzee alilijulia wapi shairi lile. Kwa nyanya yake? Kwa manju wa kijijini? La. Alikuwa mmoja wa wanafunzi waliopelekwa nyikani mwaka 1974, na riwaya hiyo aliisoma kwa sauti usiku baada ya usiku kwa wafugaji ambao mchana aliwafundisha herufi. Cawl aliyachukua mambo yale vinywani mwa watu akayatia kitabuni. Mzee akayatoa kitabuni akayarudisha kinywani. Mkikiondoa kitabu, anabaki mzee mmoja aliyepita umri wa miaka 65, na wanawe wanaosoma Kiingereza tu. Kifua ni maktaba, sawa, lakini ni maktaba inayozikwa na mwenyewe. Cawl alikufa mwaka 1991, mwaka dola ilipoporomoka, na mitambo ya Mogadishu haikuwa tena na wa kuichapishia riwaya.

Nisaidieni na jambo dogo ambalo watu wa maktaba huniona mkorofi nikilitaja. Herufi C katika Kisomali ni ain, ile sauti ya kooni ya Kiarabu, na X ni ha ile nzito ya Kiarabu. Cawl husomwa Awl na Faarax ni Farah. Katika maktaba moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado naihitaji, nilimkuta mtu huyu mmoja amekuwa waandishi watatu, mmoja kwenye A, mmoja kwenye C, na mmoja kwenye F, na hakuna kati yao anayewajua wenzake. Nikaulizwa, si ni tahajia tu? Ndiyo, ni tahajia tu, na ndiyo maana mwanafunzi aliyetumwa amtafute alirudi akasema hayupo.

Mtanitajia Nuruddin Farah, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945, aliyetoa riwaya ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1970 na kupata Neustadt, tuzo ya kimataifa ya fasihi, mwaka 1998. Ninamheshimu sana. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 1973 alianza kuchapisha riwaya kwa Kisomali, sehemu kwa sehemu gazetini, na wakaguzi wa serikali wakaikata njiani. Anayetuambia kwamba Kiingereza alikichagua kwa sababu lugha ya mama haikutosha, amwulize kwanza yule aliyeshika mkasi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya Hargeisa, mji ulioshambuliwa mwaka 1988 na ndege za serikali yake yenyewe, ambako leo kituo cha utamaduni kinatunza zaidi ya kaseti 10,000 za nyimbo, tamthilia na mashairi. Nilitaka kuuliza kwa nini riwaya hazipati bidii hiyo hiyo. Nilitaka pia kuja nyumbani, Barawa, mji wa pwani ya Somalia, kwa mshairi Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919, na tenzi zake za Kibarawa, ndugu wa Kiswahili, ambazo sisi wa Kiswahili tunazidai siku za sherehe tu. Itakuwa mwaka ujao, mkiniita.

Kivuli cha kitabu kile ninacho hapa mezani, pamoja na karatasi niliyoandika dukani. Anayesoma Kisomali vizuri namwomba asiondoke: mstari wa tatu mzee aliutamka upesi mno, na sauti ya higgaad siioni popote ndani yake.