Tukuyu kwa Mgeni Kutoka Visiwani: Mvua, Maziwa na Maporomoko

Assalaamu alaykum. Mada yetu ni Tukuyu, na nitaanza na mvua, kwa sababu bila ya mvua hakuna maziwa ya ng'ombe wala maporomoko ya kwenda kuyatazama.

Tukuyu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Mji wenyewe mdogo: soko, kituo cha mabasi, boma la zamani, basi. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kusini ya mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Upepo wa Ziwa Nyasa huja umebeba unyevu, ukiikuta milima ile hupanda, hupoa, na maji yake huyamwaga papo hapo. Unguja tunapata kama milimita 1,600 kwa mwaka. Kule sehemu nyingi hupita 2,000. Udongo nao ni wa volkano. Majani huota karibu mwaka mzima, na ng'ombe wa maziwa hana anachokitaka zaidi ya majani.

Nendeni Juni. Mvua kubwa za Machi na Aprili zimeshapita, mito bado imejaa, na njia za mashamba zinapitika. Kufika Septemba na Oktoba njia ni nzuri zaidi lakini maji hupungua. Chukueni sweta na soksi, kwani usiku wa Juni na Julai kanga haitoshi. Koti la mvua pia, hata kiangazi.

Boti kutoka Malindi hadi Dar ni kiasi cha saa mbili, ila mabasi mengi ya Mbeya huondoka alfajiri pale Mbezi, kwa hivyo hesabuni kulala Dar usiku mmoja. Wengi hukata tiketi ya Mbeya mjini, wakafika usiku, asubuhi wakarudi nyuma. Njia panda ya Tukuyu ni Uyole, kabla ya kuingia mjini. Kateni tiketi ya basi la Kyela, maana hilo linapita Tukuyu, au shukeni Uyole mchukue kosta. Wa ndege hushukia Songwe, upande wa pili wa Mbeya, kwa hivyo lazima wavuke jiji zima.

Sasa maziwa. Wafugaji wengi wana ng'ombe wawili watatu, wa kisasa au chotara, wanaofungiwa bandani na kukatiwa matete. Mkitaka kuona kazi yenyewe, fikeni saa kumi na mbili asubuhi; kukama kwengine ni jioni. Ombeni ruhusa siku moja kabla. Msitoke banda moja mkaingia jengine bila kuosha viatu, kwani maradhi ya miguu na midomo hubebwa na matope. Na msipige kelele: ng'ombe akishtuka huzuia maziwa.

Mkamaji huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, hukausha kwa kitambaa safi, kisha michirizi ya mwanzo huikamia kwenye kikombe cheusi. Akiona mabonge, chuchu ile ina ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake hayachanganywi na mengine. Baada ya hapo ni haraka, dakika tano hadi saba, kwa sababu homoni inayoshusha maziwa haidumu mwilini.

Kituo cha kukusanyia ndipo penye mambo. Maziwa kidogo huchanganywa na spiriti kwa kipimo sawa. Yakiganda, yameanza kuchacha, na mwenyewe hurudi nayo nyumbani. Kisha laktomita, chombo cha kupimia uzito wa maziwa: maziwa mazima husoma kati ya 26 na 32, yaliyotiwa maji hushuka chini ya hapo. Kosa la kawaida si wizi, ni dumu la plastiki. Mdomo wake mwembamba, mkono haufiki ndani, mabaki ya jana hukaa kwenye pembe na kuchachusha ya leo. Ndiyo maana hutakiwa keni ya aluminiamu yenye mdomo mpana.

Mkikaribishwa maziwa, ulizeni kama yamechemshwa. Mabichi yanaweza kuwa na brusela, yaani bakteria wa homa itokayo kwa mifugo, au kifua kikuu cha ng'ombe. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kwa maziwa zinatosha, kwa maharage mtasubiri. Mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, ni chakula salama cha kuagiza. Wanaokula halali tu waulize juu ya mafuta ya kukaangia, kwani kitimoto huuzwa sana.

Maporomoko ya Kaporogwe yako kusini ya mji, urefu kiasi cha mita 25, na nyuma ya maji mna pango. Nendeni asubuhi, mchana mawingu hukusanyika. Jiwe lenye kijani msilikanyage, na kandambili ziacheni nyumbani. Hatari kubwa ni mvua ya juu mlimani: pale mlipo jua linawaka, huku mto unajaa. Maji yakigeuka rangi ya udongo, au majani na vijiti vikianza kuja kwa wingi, tokeni mara moja, kamera baadaye.

Daraja la Mungu, jiwe la volkano lililovuka mto Kiwira, liko karibu na eneo la magereza. Ulizeni kabla ya kupiga picha. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkano juu mlimani, hupandwa kutokea upande wa Isongole, na mwongoza njia ni lazima, kwani ukingo wa mwisho ni mkali.

Za kurudi nazo: majani ya chai, na maparachichi magumu yenye kikonyo, kwani yasiyo na kikonyo huoza njiani. Mtindi usibebwe, pakiti huvimba kwenye joto la basi. Mbegu na miche msichukue bila kibali. Karantini ya mimea inaweza kuvizuia bandarini.