Upote, Kibindo na Matundu ya Usoni

Ndugu zangu, walimu wa hesabu na wanafunzi wa udaktari, tushike kikokotoo. Kitufe kilichoandikwa "sin", na yale matundu ya usoni yanayoziba ukipatwa na mafua makali, ambayo daktari huyaita sainasi, asili yao ni neno moja la Kilatini: sinus. Kiswahili kina mwenziwe wa karibu kabisa, nalo ni kibindo.

Mwangalieni mama akitoka sokoni. Chenji imefungwa kwenye mkunjo wa kanga, kiunoni. Mrumi naye aliuacha mkunjo wa toga, vazi lake la kujitanda, ulegee kifuani, akatia vitu humo. Huo ndio sinus. Hata ghuba ya bahari waliiita hivyo.

Wataalamu wa mwili hawana hadithi ndefu: walikuta uwazi ndani ya mifupa ya uso, jozi nne, wakaupa jina la mkunjo ule. Safari iko kwenye hesabu.

Tazameni ubaoni. Huu upinde, huu upote wake, yaani kamba inayounganisha ncha zake mbili. Ukatike upote katikati: nusu hii ndiyo tunayoitaka, ndiyo "sin" ya kikokotoo. Aryabhata wa India, aliyezaliwa mwaka 476, aliweka nambari 24 za kukokotolea nusu hizo ndani ya ubeti mmoja wa shairi! Upote kwa Kisanskriti ni jya, au jiva. Waarabu wakalichukua jiva kwa sauti yake, jiba, neno lisilo na maana kwao. Na kwa kuwa irabu fupi haziandikwi, kilichobaki karatasini ni herufi jim, ya, ba. Msomaji yeyote wa Kiarabu hapo anasoma jayb, uwazi wa nguo kifuani. Mliosoma madrasa mnalijua: Nabii Musa aliamriwa kuingiza mkono katika jayb yake, utoke mweupe.

Karne ya 12, huko Hispania, jayb ikatafsiriwa sinus.

Wengi husema mtafsiri alikosea. Mimi sikubali kabisa. Alitafsiri neno kama Waarabu wenyewe walivyolisoma, na wenyewe hawajaliacha. Mwanafunzi wa Muscat leo akikokotoa pembe hutumia neno jayb, na akiugua pua daktari humwambia kwamba juyub zake, wingi wa neno lilelile, zimevimba.